Nati za Pembe Sita

Wiki iliyopita nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja hapa Madale, bwana mnene mwenye kibanda cha vioo pembeni ya duka la dawa. Akainama, akagusisha ncha ya moto kwenye uzi wa risasi ya kuchomelea, na moshi mwembamba ukapanda hadi puani mwangu. Wenye wazazi mafundi mnaujua moshi ule, utamu wa ulimbo uliochanganyika na ukali wa kitu kinachoungua. Nikamwambia nitarudi kesho, nikatoka nje nikasimama juani kama mtu aliyesahau alichofuata. Sikuwa naumwa. Nilikuwa naona haya, mtu mzima mwenye watoto wawili sekondari, haya zilezile za darasa la sita.

Tulikuwa tunakaa Mwananyamala, vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya kupanga, na kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa cha baba na vyuma vyake. Watu walimwita Fundi Waya. Hakuwa fundi wa umeme wa majumbani, ingawa kila jirani aliyezimikiwa taa alitugongea. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nyaya za kuunganisha kompyuta na mashine nyingine: mizani, printa za risiti, mashine za kupimia damu. Wenzangu wa umri wangu mnazikumbuka kompyuta za wakati ule, zile za rangi ya maziwa zilizogeuka njano kwa uzee. Nyuma yake kulikuwa na tundu pana lenye pini tisa, tano juu na nne chini, na humo ndimo waya wa baba ulimoingia. Nyaya za dukani zilikuwepo, ila kila kiwanda kilipanga pini zake kilivyopenda, kwa hiyo unachomeka waya wa duka, unaingia vizuri kabisa, na hakuna kinachotokea. "Huku anasema, kule anasikiliza," baba alinieleza, akinionyesha namba mbili na namba tatu. "Ukiwaunganisha mdomo kwa mdomo wanapayuka tu, hakuna anayemsikia mwenzake."

Waya wenyewe haukuwa na tabu kuupata. Tabu ilikuwa vichwa vya kufunga kwenye ncha zake. Kariakoo waliuza vipya, lakini plastiki yake ilikuwa laini, ukikigusa na chuma cha moto pini inazama kama kijiti kwenye ugali. Baba alitaka vya zamani, vya chuma, vilivyong'olewa kwenye mashine zilizokufa, na kwa ajili hiyo Jumamosi tulikuwa tunakwenda Temeke kwa wauza skrepa. Aliokota kichwa kwenye lundo, akakipuliza vumbi, akakichomeka kwenye kichwa kingine alichotoka nacho nyumbani, kisha akavuta. Kikitoka kirahisi alikirudisha. Kiking'ang'ania alitabasamu na kuniambia, "Huyu ana mkono." Tukirudi tulipitia Keko kwa maseremala kuomba vipande vya mninga, maana alikuwa anachonga vishikio vya kukishikilia kichwa wakati wa kuchomelea, pini zisihame. Mimi nilikuwa mtu wa bisibisi. Nilijua kung'oa kichwa bila kukivunja kabla sijajua kusuka nywele.

Lakini kichwa peke yake si kitu. Kinataka kasha, kinataka skrubu, na kikifungwa ukutani kinataka nati mbili za pembe sita, moja kila upande, ndogo kuliko punje ya hindi, zenye mkia wa skrubu upande mmoja na tundu upande wa pili. Skrubu zake ni za aina yake peke yake. Nati ya baiskeli haiingii, ya redio haiingii. Wauza skrepa hawakuzijali, zilikuwa zinadondoka na kupotelea mchangani. Baba aliziweka kwenye kopo la dawa ya kikohozi na kuzihesabu kila mara kama tasbihi.

Mtaa wa pili alikaa Bi Nyamizi, mama wa makamo kutoka Tabora, mfanya usafi wa shule yetu. Yeye Mnyamwezi, baba Mzaramo, kwa hiyo walikuwa watani, na sidhani kama kuna siku walisalimiana kama watu wazima.

"Fungeni milango, mwizi wa Tabora anapita," baba alikuwa akipaza sauti kila asubuhi akimwona. "Ficheni masufuria."

"Nikuibie nini, Mzaramo? Usingizi?"

Siku moja Bi Nyamizi aliingia uani akamkamata jogoo wetu mchana kweupe, akaondoka naye kwapani, na baba akacheka mpaka akakaa chini, maana kitu alichochukua mtani hakidaiwi. Jioni akatuletea bakuli la mchuzi wa jogoo huyohuyo, akatuhimiza tule, eti kuku wa wizi ni mtamu. Nilimwamkia shikamoo kila siku naye aliitikia, "Marahaba, mjukuu wa wavivu." Nje ya ukoo wetu hakuna mtu niliyempenda kama yeye.

Mwaka ninaousema, mama alikuwa Temeke akimuuguza bibi, nyumbani tukabaki wawili. Baba akapata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kiwanda cha unga kilitaka mizani nane ziunganishwe na kompyuta ya ofisini, kila mizani na tundu lake lililofungwa kwenye kibati ukutani. Ikienda vizuri, angekuwa fundi wao wa kudumu. Vichwa alikuwa navyo. Nati za pembe sita zilitakiwa kumi na sita, kwenye kopo zilikuwemo sita. Alizunguka Kariakoo, alizunguka Temeke, aliuliza hadi kwa mafundi televisheni wa Magomeni. Alhamisi, kazi ikitakiwa Jumatatu, alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, akakaa na sahani ya wali mbele yake bila kuigusa.

"Vinati," alisema. "Mtu mzima nashindwa na vinati."

Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu mdogo namna ile. Nilitaka kumrudishia ukubwa wake, na nilijua mahali nati zilipo.

Shule yetu ilikuwa na chumba cha kompyuta, msaada wa wafadhili, mashine kumi na mbili zilizofunikwa vitambaa. Tuliingia humo mara moja kwa wiki, wanafunzi watano kwa mashine moja, na aliyebahatika kukishika kipanya hakunawa mkono. Wenzangu walitazama vioo. Mimi mtoto wa Fundi Waya nilizunguka nyuma kutazama matundu. Nyuma ya kila mashine kulikuwa na tundu la pini tisa lisilochomekwa kitu chochote, na pembeni yake nati mbili za pembe sita zinang'aa. Kwa akili yangu, tundu lisilochomekwa kitu halina kazi, na nati za tundu lisilo na kazi ni pambo tu. Baba alinifundisha mengi, ila hakunifundisha kwamba kwenye mashine za kale kama zile, nati ndiyo iliyolishika tundu lisidondokee ndani.

Ijumaa baada ya masomo nilimkuta Bi Nyamizi na ndoo yake mlangoni pa chumba kile. Ufunguo wa mchana alikuwa nao yeye.

"Shikamoo Bi Nyamizi. Nikusaidie kufuta vumbi?"

"Marahaba. Mzaramo anaomba kazi? Leo mvua itanyesha." Akanitazama, akacheka, akanifungulia. "Haya ingia upesi, mwalimu hataki wanafunzi humu. Usiguse kitu kinachobonyea."

Akaniachia kitambaa, akaenda bombani kuchota maji. Spana ndogo ya baba ilikuwa ndani ya soksi yangu. Nilifungua mashine tano, nati kumi, na mikono haikutetemeka hata kidogo, hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Kwenye ya tatu nilisikia kitu kikianguka ndani, tik, nikajiambia ni vumbi, nikaendelea. Bi Nyamizi aliporudi alinikuta nafuta meza. Akanipa kipande cha muhogo wake wa mchana kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi nzuri, nami nikakila.

Kesho yake nilikwenda Temeke kumwona mama, na niliporudi nikamwekea baba nati kumi mezani. Nilisema nimeziokota kwa wauza skrepa.

"Mbona safi hivi?" aliuliza.

"Zilikuwa kwenye kimfuko cha nailoni."

Akazitazama, akanitazama mimi, akazitazama tena. Siku hizi na mimi mzazi, nadhani ninajua alichokuwa anakifanya. Alikuwa anachagua kuamini. Akazichukua, akazijaribu moja moja, zote zikakubali, na akatoka mlangoni kuwaambia wapangaji wenzetu, "Mwanangu ana jicho. Mie nimezunguka mji mzima, yeye kaenda mara moja tu." Nilivimba kichwa siku mbili nzima. Jumatatu asubuhi alikabidhi kazi kiwandani, mizani zote nane zikasema na kompyuta ikasikia.

Jumatatu hiyohiyo mwalimu wa kompyuta aliondoa vitambaa na kuwasha mashine. Nne hazikuwaka. Ya tano iliwaka kidogo, ikatoa moshi, na chumba kizima kikanuka kama nyumbani kwetu. Wenzangu walikimbilia nje wakicheka. Mimi nilibaki nimesimama, kwa sababu ndipo nilipoelewa ile tik ilikuwa nini: matundu yaliyokosa nati yamelala juu ya vyuma vya ndani, vyuma vikagusana visivyotakiwa kugusana. Kabla ya mapumziko shule nzima ilijua kuwa mashine za wafadhili zimeibiwa vifaa na kuunguzwa, na kabla ya saa nane walikuwa wameshakumbuka nani anashika ufunguo.

Mwalimu alituita sisi tuliokaa upande wa mtaa wa Bi Nyamizi, watoto wanne, akatupanga mbele ya ofisi. Alikuwa mgeni, hakuwa amemaliza hata muhula mmoja kwetu. Hakufoka. Alisema hakuna atakayechapwa, anataka tu kujua, huyu mama tunamjuaje huko mtaani. Wenzangu watatu walitazama chini. Nami nilihofia kwamba tukinyamaza wote, swali linalofuata litakuwa nani mwingine aliingia mle chumbani. Nikaisikia sauti yangu.

"Baba yangu anamwitaga mwizi."

Mwalimu aliandika. Ningeongeza maneno matatu tu, ni watani, mwalimu, angeweka kalamu chini na kucheka, maana hakuna Mtanzania asiyejua utani. Sikuyaongeza. Hakuna neno la uongo katika sentensi ile, na ndiyo uongo mbaya kuliko wote niliowahi kuusema. Nilikuwa na umri wa kutosha kulijua hilo palepale, nikiwa bado nimesimama. Watu hupenda kusema mtoto hajui. Nilijua.

Wiki haikuisha, Bi Nyamizi akafukuzwa kazi. Alikuja kwetu alasiri, hakubisha hodi kwa kelele zake za siku zote, akakaa kwenye kigoda karibu na meza ya baba. Mimi nilikuwa pembeni nachuna waya.

"Mtani, leo sikuja kwa utani," alisema. "Wamenifukuza."

"Wamekufukuza kwa lipi?"

"Eti nimeiba vinati vya nyuma ya kompyuta. Wala sivijui vikoje. Vina pembepembe, wanasema." Akaivuta kanga yake mabegani. "Wewe mtu wa vyuma. Hivi vitu nani anavitaka?"

Baba alikuwa ameshika koleo. Akaliweka mezani taratibu. Hakunitazama, na kwa jinsi alivyojizuia kunitazama nikajua ameshaelewa kila kitu.

"Sijui, Nyamizi," alisema.

"Tena kuna mtoto kasema hata mtaani naitwa mwizi." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Mie. Nani ananiita mwizi huko mtaani, mtani, kama si wewe?"

Baba aliinamia meza yake. Bi Nyamizi alikaa kidogo, akasema anakwenda kupika, akaondoka. Muda wote ule hakunitaja. Hakusema kuwa siku ya Ijumaa alinifungulia mlango, akaniacha humo peke yangu na kitambaa. Hakulisema kwetu, na shuleni vilevile hakulisema, maana wangeniita. Mpaka leo sijui kama alisahau, au aliogopa kosa la kuniingiza, au alinikinga. Nimejaribu kuamini kwamba alisahau, kwa kuwa hilo ndilo jepesi kwangu.

"Ngapi?" baba aliniuliza alipoondoka.

"Kumi."

"Na lile neno la mwizi?"

"Ni mie."

Nilisubiri kipigo, nilikitamani hasa. Alikaa akitazama mikono yake. Halafu akasema, "Nimezifunga ukutani kwa watu." Asubuhi alivaa shati lake la Ijumaa ingawa ilikuwa katikati ya wiki. Akasema anakwenda kwa mwalimu mkuu kueleza, nami nitangulie shule. Nilikaa darasani karibu na dirisha. Saa nne hivi nikamwona amefika getini. Akasimama. Mlinzi akasema naye neno, baba akatikisa kichwa, akaendelea kusimama na mkono mmoja juu ya geti. Niliomba aingie na niliomba asiingie, dua mbili kwa pumzi moja. Najua alichokuwa anakipima: akisema, mimi nafukuzwa shule, kiwanda kinajua kina mali ya wizi ukutani, na jina la Fundi Waya linakwisha. Akageuka akaondoka.

Niliporudi nyumbani alikuwa mezani na kazi yake.

"Nilikwenda," alisema. "Nimekuta pamefungwa."

Nilikuwa ndani siku nzima, naye alijua nilikuwa ndani. Nikasema, "Sawa, baba." Alikuwa mtu ambaye waya wake ukikataa anakurudia mwenyewe kabla hujamwita, mtu wa neno lake, na mimi mwanawe nilimfundisha kusema uongo akiwa na mvi.

Bi Nyamizi akaanza kukaanga vitumbua kwenye kona ya kwenda hospitali. Baba alinunua kila asubuhi, vingi kuliko tulivyoweza kula, nami nilivitupa nikiogopa baba asije akaniona. Lakini utani ulikwisha. Siku za mwanzo mama wa watu alijaribu. "Mzaramo, leo umeamka mwenyewe au wamekubeba?" Baba alimjibu, "Nashukuru, mama, habari za asubuhi." Alimpa heshima zote, akimwita mama, akitazama chini. Watani wanajua heshima ya namna hiyo ni kufungiwa mlango. Angewezaje kumwita mwizi tena, hata kwa mzaha? Na kama hawezi kumwita mwizi, angemwita nani? Bi Nyamizi naye akaacha. Wakaishi hivyo miaka na miaka, watu wawili wenye adabu wanaouziana vitumbua.

Baba alifariki nikiwa nimeshaolewa na kuhamia huku Madale. Msiba uliwekwa Mwananyamala, na watani walikuja, kama ilivyo desturi. Bi Nyamizi alikuwa mzee, anatembelea fimbo, lakini akaingia kwa vishindo, akavaa kofia ya baba, akajilaza mlangoni kuzuia jeneza lisitoke. "Mwizi mwenzangu huyo anatoroka," alisema. "Mkagueni mifukoni, kaondoka na usingizi wa mtaa mzima." Watu waliokuwa wanalia wakacheka, hata shangazi zangu wakacheka wakifuta machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtania baba tangu mimi darasa la sita, na baba hakuwa na namna ya kumjibu kwa heshima.

Baada ya maziko wanaume walikaa nje, sisi ndani. Akaniita, akapiga mkeka kwa kiganja nikae karibu yake.

"Nikuulize kitu kimoja, mjukuu, maana mwenyewe kashaondoka," alisema kwa sauti ya chini. "Baba yako aliacha kunitania tangu wiki ile niliyofukuzwa. Miaka yote hii. Kazi haikuniuma sana, nilijipatia riziki kwingine. Liliniuma hilo la mtani wangu. Nikajua na yeye kaamini niliiba."

Miaka yote nilidhani nalijua deni langu lote. Nilimkosesha kazi, nilimharibia jina, nilimfanya baba mwongo; nilikuwa nimeshayapanga vizuri moyoni. Hili sikuwahi kuliwaza. Mama huyu aliamka kila alfajiri na kumuuzia vitumbua mtu ambaye yeye alidhani anamwona mwizi.

"Hapana, Bi Nyamizi," nilisema. "Baba alijua hukuchukua."

Akanishika mkono. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Alijua."

Uso wake ukalegea polepole mpaka nikamwona tena alivyokuwa na ndoo yake mlangoni. Halafu akaniuliza, "Alijuaje?"

Hakuuliza kwa hasira. Alinitazama tu na kusubiri, mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake, na sikuwa na haraka ya kwenda popote duniani.

Nikamwambia naitwa jikoni. Hakuna aliyekuwa akiniita.